UZI: Kubadilisha paipu za breki na za mafuta kwenye gari la zamani

Mzee_wa_Chesi

Wakuu, maswali ya paipu za breki na za mafuta yanajirudia sana humu na majibu yanakuja vipande vipande. Naweka yote sehemu moja. Naongelea magari ya zamani yenye breki za oili, yasiyo na ABS, na injini ya kabureta. Mwenye nyongeza au pingamizi aweke hapa hapa.

Paipu ya chuma inaoza kwa nje pale tope na maji yanapokaa: nyuma ya klipu, juu ya ekseli ya nyuma, ndani ya madigadi, na pale inapovuka chesi. Inaoza pia kwa ndani, maana oili ya breki ya glikoli inanyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Kwaruza kutu kwa bisibisi; ukikuta vishimo, hiyo paipu imekwisha na rangi haitaiokoa. Unapokanyaga kwa nguvu, ndani ya paipu kuna presha ya bar 70 hadi 100, na paipu dhaifu inapasukia hapo, wakati unataka kusimama ghafla. Kama masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) ni ya mzunguko mmoja, yaani oili yote iko kwenye njia moja, paipu moja ikipasuka magurudumu yote manne yanakosa breki, inabaki hendibreki peke yake. Ndiyo maana nasema ukikuta moja imeoza, toa zote. Zilifungwa siku moja na zimekula maji yale yale.

Vipimo. Paipu ya breki kwenye magari mengi ni inchi 3/16 kwa nje, yaani mm 4.75. Baadhi ya magari makubwa yana inchi 1/4 kwenye sehemu ya kwenda nyuma. Ya mafuta ni mm 6 au inchi 1/4 kwa injini ndogo, inchi 5/16 (karibu mm 8) kwa za kati, na inchi 3/8 kwa injini kubwa. Pima kwa venia sehemu safi isiyo na rangi wala kutu, usikadirie kwa macho.

Hesabu ya vifaa kwa gari la kawaida lenye ekseli ngumu nyuma na mzunguko mmoja: masta hadi kiungo cha mbele, kiungo hadi gurudumu la kushoto, kiungo hadi la kulia, kiungo hadi mpira wa nyuma (paipu laini ya raba), halafu kutoka T ya kwenye ekseli kwenda kushoto na kulia. Paipu sita, kwa hiyo midomo (ncha za paipu zilizopanuliwa ili zizibe) kumi na miwili na nati kumi na mbili. Koili moja ya mita 7.6 inatosha magari mengi, lakini nunua nati za akiba nne na uache mita moja ya mazoezi. Mipira ni mitatu: miwili mbele, mmoja nyuma. VW Beetle ina minne, kwa kuwa magurudumu ya nyuma nayo yanacheza kila moja peke yake.

Usifungue chote kwa mpigo. Piga picha njia ya kila paipu na kila klipu kabla ya kugusa nati, kisha toa paipu moja, tengeneza mwenzake, funga, ndipo uende inayofuata. Ya zamani usiitupe mpaka gari litembee, hata kama imevunjika vipande vitatu. Hiyo ndiyo ramani yako.

DadaSpana

Uzi mzuri mkuu. Naomba uongeze suala la chuma kipi. Madukani kuna paipu za shaba, za chuma, za shaba-nikeli na stenlesi, na muuzaji atakwambia zote ni sawa.

Mzee_wa_Chesi

Hazilingani kabisa dada.

Shaba tupu ya friji au ya gesi usiweke kwenye breki. Inakuwa ngumu kadiri inavyotikisika na mwisho inachanika karibu na nati, mahali usipoweza kuona ufa. Aluminiamu nayo hapana.

Chuma cha breki ni bati lililokunjwa tabaka mbili na kuunganishwa kwa shaba katikati. Ndicho kilichokuja na gari. Kina nguvu, ila kinataka kupakwa zinki au plastiki ya PVF, na ni kigumu kukunja kwa mkono. Ukikaza klipu mpaka plastiki ikachubuka, kutu inaanzia hapo hapo.

Shaba-nikeli ni takribani asilimia 90 shaba na asilimia 10 nikeli, pamoja na chuma na manganizi kidogo. Haishiki kutu, inakunjika kwa mkono, midomo yake inatoka safi. Volvo walianza kuitumia kiwandani miaka ya 1970, kwa hiyo si kitu cha kubahatisha. Kwa anayejifunza, chagua hii. Ubaya wake ni ulaini: jiwe likiipiga inabonyea, hivyo mahali palipo wazi chini ya gari ifunike kwa springi ya kinga kama ile ya kiwandani. Muuzaji akikuletea kitu chekundu kabisa kama waya wa umeme, hiyo ni shaba tupu. Shaba-nikeli ina rangi iliyofifia kidogo, na ya kweli huwa ina maandishi ya kiwango.

Stenlesi ni nzuri kwa macho. Ni ngumu kupiga mdomo, inaua vifaa vya bei nafuu, na mdomo wake haubonyei kwenye kiti chake, hivyo inapenda kuvuja jasho. Mwenye mashine nzuri na uvumilivu aweke.

Nati38

Kabla hatujaenda mbele, nati na midomo. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa sababu mtu anapeleka nati moja dukani, anapewa inayofanana, anafunga, inakaza, anadhani amemaliza.

Kuna mambo mawili tofauti: nyuzi za nati, na umbo la mdomo. Moja halikwambii lingine.

Nyuzi: magari ya Marekani na mengi ya Uingereza yana UNF (nyuzi nyembamba za inchi) ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi. VW, na magari ya Japani kama Datsun na Toyota, yana M10 (kipenyo cha mm 10) hatua ya 1.0, yaani mm 1 kutoka uzi hadi uzi. Sasa angalia hesabu. Inchi 3/8 ni mm 9.52, na nyuzi 24 kwa inchi ni hatua ya mm 1.06. Kwa hiyo nati ya 3/8 inaingia ndani ya tundu la M10 bila shida, inazunguka, inaonekana imeshika. Imeshikia ncha za nyuzi tu. Siku presha ikipanda, inachomoka. Kinyume chake, M10 haiingii kwenye tundu la 3/8 isipokuwa uilazimishe, na ukiilazimisha umeharibu masta silinda. Nati mpya lazima iingie kwa vidole mpaka mwisho bila kucheza kando. Ikilegalega simama, umechanganya.

Umbo la mdomo: kuna mdomo wa mikunjo miwili, ambao umepanuka kama tarumbeta kwa digrii 45 huku ukingo wake ukiwa umekunjiwa ndani ukawa tabaka mbili. Na kuna mdomo wa kiputo, ambao umevimba na kurudi. Chukua tochi uangalie ndani ya tundu la masta au la kiungo. Ukiona koni imesimama katikati ya kitako, hapo panataka mikunjo miwili. Ukiona kitako kimebonyea ndani kama alama ya keekee, hapo panataka kiputo.

Magari ya Marekani: mikunjo miwili. Ya Japani: mikunjo miwili vilevile, ingawa nyuzi ni za metriki. Beetle: kiputo na M10. Ya Uingereza ya miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi yana 3/8 UNF na mdomo wa kiputo, na kwenye gari moja unaweza kukuta aina zote mbili, hasa pale paipu inapokutana na mpira. Usiamini orodha kuliko tochi yako, gari la zamani limeshapita mikononi mwa watu wengi.

Nati nazo zina sura zake. Ya kiputo ina uso bapa na kishingo kisicho na nyuzi mbele. Ya mikunjo miwili ina nyuzi mpaka mwisho, na ncha yake imechongwa ndani kufuata mgongo wa mdomo. Ukiweka nati isiyo yake, mdomo unabanwa upande mmoja na unavuja hata ukaze vipi.

Mwanafunzi_Gereji

Asante sana mkuu. Mimi ndiyo naanza kazi hii. Naomba hatua za kupiga mdomo wa mikunjo miwili. Yangu inatoka upande, na mingine inachanika ukingoni.

Nati38

Inayotoka upande, paipu haikukatwa mraba, au imeteleza ndani ya kibano. Inayochanika ina kovu la msumeno au vipele vya ndani havikutolewa. Fuata hivi.

Kata kwa kikata paipu cha gurudumu, usikate kwa msumeno wa chuma. Kaza kidogo kila mzunguko, nusu ya robo ya skrubu inatosha. Ukikaza sana kinaminya paipu na kufunga tundu. Ukishakata, elekeza mdomo chini na ukwangue ndani kwa kifaa cha kutolea vipele, ili unga wa chuma udondoke nje. Kisha piga tupa ukingo wa nje uinamie kidogo pande zote, sawasawa.

Ingiza nati sasa, ikitazama upande wake. Ukisahau, mdomo utatoka mzuri sana na utalazimika kuukata.

Chukua kile kidude cha mm 4.75 kwenye kisanduku cha kifaa cha kupigia midomo. Kina bega. Paipu ichomoze juu ya kibano kwa kimo cha hilo bega, si zaidi si pungufu. Ikizidi, mdomo unakuwa mkubwa na nati haitapita juu yake. Ikipungua, ukingo hautoshi kukunjiwa ndani. Kibano kiwe kikavu kabisa, kifute oili, na ukaze kwanza nati-bawa iliyo karibu na paipu ndipo ile ya mbali. Ndani ya mdomo ndiko unakotia tone la oili ya breki.

Hatua ya kwanza: weka kidude, shusha skrubu mpaka bega liguse kibano. Ondoa. Utaona kiputo. Hatua ya pili: toa kidude, shusha koni peke yake, nayo inakunjia ukingo ndani. Simama ukihisi imekaa. Ukiendelea kuzungusha unaukonda ukuta.

Kagua kwa kioo cha kukuzia. Uso wa koni uwe laini, mduara sawa pande zote, bila ufa wala mstari. Ukiwa na shaka, kata upige tena. Sentimita mbili za paipu hazina thamani mbele ya breki.

Kwa mdomo wa kiputo unaishia hatua ya kwanza, ila tumia kidude cha kiputo cha metriki. Kiputo nusu cha kile kidude cha mikunjo miwili hakina pembe inayotakiwa.

Mzee_wa_Chesi

Naongeza moja linalosahaulika: kibano kinahitaji sehemu iliyonyooka. Acha angalau mm 40 bila kona kabla ya mdomo, ili nati irudi nyuma na kibano kishike. Piga mdomo wa kwanza, kunja paipu yote ukifuata ya zamani, ipeleke kwenye gari uone urefu, ndipo ukate na kupiga mdomo wa pili. Kwa urefu, chukua waya laini ukunje kufuata paipu ya zamani kona kwa kona, kisha unyooshe upime na uongeze mm 50.

Kona zipigwe kwa kikunjio chenye puli. Kwa paipu ya 3/16, kona ya nusu kipenyo cha mm 13 hivi ni ndogo ya kutosha. Ikishabonyea usiinyooshe kuirudisha, imeshadhoofika. Ile mizunguko ya koili unayoikuta karibu na masta kwenye magari mengi usiiondoe ukidhani ni urembo. Inameza mtikisiko kati ya bodi na chesi. Ukinyoosha paipu pale, mdomo utapasuka kwa uchovu.

Klipu kila sentimita 30 hivi, zenye raba ndani. Hakuna sehemu ya paipu inayogusa chuma bila klipu.

Kabureta_Mbili

Mkuu, nati za zamani kwenye wili silinda (silinda ndogo ya breki ya kila gurudumu) zimegandana na paipu, ukizungusha nati inazunguka na paipu inajisokota. Na je, paipu moja ikioza sehemu fupi tu, siwezi kukata kipande na kuunga kwa kiungo cha kubana chenye pete ya shaba?

Mzee_wa_Chesi

La pili kwanza: hapana. Kiungo cha kubana kwa pete kinashika paipu kwa msuguano, na presha ya breki inaisukuma paipu itoke. Kama lazima uunge, tengeneza midomo miwili halisi na kiungo cha breki chenye nyuzi. Mimi naona ukishafikia kupiga midomo miwili, bora uweke paipu nzima.

La kwanza: safisha nati kwa brashi ya waya, mwagia oili ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, rudia. Tumia spana ya ringi yenye mkato, ile inayopita juu ya paipu na kushika pande tano za nati. Spana ya mdomo wazi itaviringisha kona za nati laini kama hiyo. Anza kwa kukaza kidogo sana ndipo ulegeze. Ikigoma, na paipu unaitupa hata hivyo, ikate sawasawa na nati kisha uweke soketi ya pembe sita. Hapo nyingi zinakubali.

Moto nao unasaidia, lakini si karibu na paipu ya mafuta wala mpira, na si kwenye mfumo wenye oili ndani. Oili ya glikoli inawaka ikiwa moto sana, na mvuke wake ni mbaya kwa mapafu.

DadaSpana

Kwenye kufunga: nati zote ziingie kwa vidole kwanza kwenye ncha zote mbili za paipu ndipo ukaze. Ukikaza upande mmoja mapema, upande wa pili utaingia kwa pembe na kuharibu nyuzi. Nm 12 hadi 16 inatosha kwa nati za 3/16. Usitie tepu ya bomba wala gundi. Kinachozuia ni chuma kwa chuma pale kwenye koni. Tepu inaweza kukatika na kuziba tundu dogo la masta.

Mipira ya mbele: kaza kwanza upande unaoingia kwenye wili silinda au kalipa, na washa mpya ya shaba, kisha upitishe ncha ya pili kwenye breketi ukiwa umeishika isizunguke. Halafu zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, gari likiwa juu ya stendi na magurudumu yananing'inia, kisha likiwa chini. Mpira usivutike, usijisokote, usiguse tairi.

Na msiiache mipira ya zamani kwa sababu nje inaonekana mizima. Inavimba kwa ndani, tundu linakuwa jembamba. Mguu una nguvu ya kusukuma oili ipite kwenda, ila springi za breki hazina nguvu ya kuirudisha. Gurudumu linabaki limeshikwa na breki inaungua. Watu wanabadilisha kalipa mara mbili kumbe tatizo ni mpira.

Rubani504

Kuna jambo nataka kulipinga kidogo. Wengi wanashauri oili ya breki ya DOT 5, ile ya silikoni, kwa gari la zamani kwa kuwa halitembei mara kwa mara na rangi haiharibiki. Mna maoni gani?

Nati38

Silikoni haili rangi na hainyonyi maji, hilo kweli. Lakini maji yakiingia hayachanganyiki nayo, yanatulia kama tone sehemu ya chini kabisa, kwa kawaida ndani ya wili silinda, na kutoboa pale pale. Pia inashika viputo vidogo vya hewa, hivyo pedeli inakuwa na ulaini fulani usiokwisha. Na haichanganywi na DOT 3 wala DOT 4 hata kidogo: ni lazima raba zote ziwe mpya na paipu zote kavu. Kwa mfumo mpya kabisa unaweza. Mimi nabaki na DOT 4, naimwaga kila miaka miwili. Ikiwa mpya inachemka nyuzi joto 230 za Selsiasi au zaidi, ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 kiwango chake cha chini ni nyuzi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Kwa mteremko mrefu na dramu za zamani, tofauti hiyo unaihisi mguuni.

DOT 5.1 ni glikoli, usiichanganye na DOT 5 kwa sababu ya namba. Na chombo kilichowahi kubeba oili ya injini, dizeli au petroli kisikaribie breki. Kiasi kidogo tu kinavimbisha raba zote, kuanzia masta mpaka gurudumu la mwisho, na dawa yake ni kubadilisha kila raba na kila mpira.

Mwanafunzi_Gereji

Nimefunga paipu zote, sasa pedeli inashuka karibu na sakafu. Nimetoa upepo ulioingia kwenye oili ya breki, magurudumu yote, hakuna viputo tena. Gari lina diski mbele na dramu nyuma.

Mzee_wa_Chesi

Pampu pedeli mara tatu haraka. Ikipanda na kuwa ngumu, si upepo. Ni nafasi kubwa kati ya viatu vya breki na dramu. Rekebisha viatu kwanza: kaza mpaka gurudumu ligome, rudisha mpaka lizunguke likigusa kidogo tu. Hili lifanyike kabla hata ya kutoa upepo.

Ikipanda lakini inadunda kama springi, upepo bado upo. Angalia kalipa za mbele: kama zilifunguliwa zikabadilishwa kushoto kwa kulia, nipo (skrubu ya kutolea upepo) inakuwa chini na hewa inabaki juu, hata ukipitisha lita tano haitoki. Nipo lazima iwe sehemu ya juu kabisa.

Ukikanyaga ukashikilia na pedeli inazama polepole, na nje hakuna palipolowa, raba za masta zinapitisha. Hii hutokea sana baada ya kazi hii hii. Masta ya zamani inafanya kazi sehemu fupi ya silinda kwa miaka, na sehemu isiyopitiwa inashika kutu. Unapotoa upepo kwa kukanyaga mpaka sakafuni, raba zinapita juu ya kutu na kuchanika. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli ili isifike mwisho.

Utaratibu wa upepo kwa ufupi: gurudumu la mbali na masta kwanza, isipokuwa kitabu cha gari kinasema vingine. Mpira mwangavu kutoka kwenye nipo kwenda kwenye chupa yenye oili, ncha ikiwa imezama. Msaidizi akanyage polepole, fungua nipo nusu mzunguko, funga kabla hajaachia. Chungulia chombo cha juu kila baada ya kukanyaga mara tano au sita, kikikauka unaanza upya. Lita moja inatosha gari lote. Ukitumia pampu ya kuvuta, viputo visivyoisha mara nyingi ni hewa inayoingia kupitia nyuzi za nipo yenyewe; paka grisi ya breki kuzunguka nyuzi ujiridhishe.

Na usipime kwa kuendesha. Mtu akanyage kwa nguvu zote dakika moja huku wewe unapita kila kiungo na karatasi kavu nyeupe. Kiungo kikilowesha karatasi, kilegeze ukikaze tena mara mbili tatu ili mdomo ukae. Kikiendelea, toa uone alama kwenye koni.

Mwanafunzi_Gereji

Ilikuwa viatu mkuu. Nimerekebisha, pedeli imepanda na ni ngumu. Sasa naomba upande wa mafuta.

Kabureta_Mbili

Hapo niachieni mimi.

Kwanza usalama, na sitafupisha. Toa waya hasi wa betri. Fanya kazi nje au mahali penye upepo wa kutosha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kujaa kwenye shimo la gereji, usifanyie kazi shimoni. Taa iwe ya LED ya betri iliyofungwa vizuri, si balbu ya waya inayoweza kupasuka. Kizimamoto cha unga mkononi. Mwaga tangi kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko.

Paipu ngumu ni ya chuma cha mabati. Shaba tupu nayo siipendi hapa: inaharakisha petroli kuoza na kuacha gundi kwenye kabureta. Presha ni ndogo, psi 3 hadi 7 kwa pampu za kabureta nyingi, hivyo hakuna haja ya mikunjo miwili pale unapovalisha mpira. Ila piga kiputo kidogo mwishoni kwa hatua ile ya kwanza ya kifaa cha midomo, ili mpira usichomoke. Sukuma mpira mm 25 kupita kiputo na uweke klampu nyuma yake.

Mipira ndiyo inayounguza magari. Raba ya zamani ilitengenezwa kwa petroli isiyo na ethanoli. Ukitumia E10 (petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10) inalainika, inatoa unga mweusi kwenye kabureta, au inakauka na kuchanika. Angalia maandishi ubavuni: SAE J30 R6 na R7 ni za kabureta, lakini R9 yenye utando wa ndani wa fluoro ndiyo inayovumilia ethanoli vizuri, na R14 inazuia mvuke kuliko R6 na R7. Mpira usio na maandishi usiununue. Klampu ziwe zile laini ndani zenye ukingo uliokunjwa nje. Zile za matundu zinakata mpira, na kwenye mpira mwembamba hazibani duara.

Badilisha yote: kutoka kwenye tangi, kabla na baada ya pampu, kwenye kabureta, wa kurudisha mafuta kama upo, na wa kupumulia tangi. Huo wa kupumulia unasahaulika, halafu watu wanashangaa harufu ya petroli ndani ya gari kila wakijaza tangi.

Rubani504

Kwenye Beetle paipu ya mafuta inapita ndani ya handaki la katikati na kutokea nyuma karibu na injini. Kagua ile raba inayoishika pale inapotoboa bati. Ikiwa haipo, bati linaikata paipu taratibu. Na kile kijipaipu cha shaba-njano kinachoingia kwenye kabureta kinaweza kulegea na kuchomoka injini ikiwa moto, mafuta yanamwagika juu ya injini. Kikizunguka kwa mkono, kitoe na ukirudishe kwa kukibana upya au weka chenye nyuzi.

DadaSpana

Swali kwa Kabureta_Mbili. Gari linakata mafuta likipanda mlima au likienda kasi, likipumzika linawaka vizuri. Hakuna tone chini wala harufu. Kabureta imesafishwa, pampu mpya ya kuendeshwa na injini.

Kabureta_Mbili

Angalia upande wa kuvuta dada. Pampu ikiwa mbele kwenye injini, paipu yote kutoka tangi inavutwa, haisukumwi. Tundu dogo au mpira uliochanika huko havimwagi mafuta, vinaingiza hewa. Injini ikinywa kidogo pampu inamudu, ikinywa sana inavuta hewa pamoja na mafuta. Chomeka kipande cha mpira mwangavu wa petroli kabla ya pampu kwa muda, uwashe uangalie. Viputo vikipita mfululizo, tatizo liko nyuma ya hapo.

Kama hakuna viputo lakini mafuta hayaji, fungua kifuniko cha tangi wakati linakata. Likipona, njia ya kupumua imeziba. Lisipopona, angalia chujio ndani ya tangi, na kama paipu mpya imepita karibu na ekzosi petroli inachemkia humo. Ipeleke upande wa pili wa chesi, na pasipowezekana acha angalau sentimita 10 na uweke bati la kukinga joto.

DadaSpana

Viputo vipo, vinapita bila kukoma. Nimefuata nyuma: mpira wa juu ya tangi una ufa chini ya klampu, hauonekani mpaka uikunje.

Kabureta_Mbili

Ndiyo huo. Ukiutoa, angalia na kijipaipu cha tangi chenyewe, kutu ikiwa imekichimba mpira mpya hautabana. Kisugue kwa msasa laini mpaka kiwe laini pande zote, na kama kimeliwa sana tangi lipelekwe kwa fundi wa matangi. Usilehemu wewe mwenyewe hata kama limeoshwa na kukauka, mvuke unabaki kwenye mishono. Ukishafunga, zungusha injini kwa stata huku waya wa koili umetolewa mpaka kabureta ijae, pitia viungo kwa karatasi kavu kama za breki, kisha washa. Baada ya wiki ya kutembea rudia kukagua klampu zote, raba mpya huwa inalala kidogo ikishapata joto na klampu hudai robo mzunguko. Chujio nalo weka la akiba kwenye buti, kwani paipu mpya na mafuta yenye ethanoli vitabandua uchafu wa zamani tangini na la kwanza litaziba mapema.

Mzee_wa_Chesi

Na nati za breki pia, baada ya hiyo hiyo wiki, karatasi kavu kila kiungo. Huko usiongeze kukaza kama hakujalowa.